Picha ya Akiba ya Mama Beda

Jumapili, 26 Novemba 2006

Mvua ya kwanza imeshuka leo katikati ya misa ya pili. Bati la kanisa lilipiga kelele mpaka padri akaacha mahubiri, akakaa, akaisubiri imalize. Tumerudi Majengo na tope jekundu hadi magotini.

Shajara hii kaninunulia mke wangu, Skolastika. Anasema nimezidi kunung'unika, afadhali niinung'unikie karatasi, masikio yake yamechoka. Haya, karatasi, karibu. Mimi ni Fulgence, mpiga picha. Studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi: pazia la buluu, stuli, na pembeni ya pazia kioo kikubwa cha wateja kuchania nywele, nilichokitundika kitazame mlango ili nikiwa nimeinamia kamera nione nani anaingia. Chumba cha giza nilikosafishia filamu miaka yote, sasa mke wangu anawekea magunia ya mahindi. Siku hizi ni dijitali. Picha zinaingia kwenye kompyuta, na kompyuta ikifa zinakufa nayo. Wiki iliyopita flashi ya mteja mmoja ilituletea virusi, tukapoteza harusi mbili, na wenye harusi wote wanajua ninapokaa.

Anayeitengeneza ni Abasi, kijana wa Nalasi kule Tunduru, mwenye meza yake ya kutengeneza kompyuta mtaa wa pili. Nasema kijana, lakini ni mtu wa miaka thelathini, na ndevu zake amezichonga vizuri. Baba yake ana mikorosho. Hajaoa. Sijui kwa nini nimeandika hilo la mwisho.

Jumanne, 28 Novemba

Kompyuta imefufuka. Picha nyingi Abasi kaziokoa, ila zile harusi mbili hapana. Programu iliyokuwa inaiendesha mashine kaitoa, kaweka nyingine iitwayo Linux kutoka kwenye sidii aliyotumiwa kwa posta bila kulipa hata senti. Nikamuuliza kitu cha bure kina nini ndani yake.

"Hakina kitu, kaka. Ni watu wameamua tu," akasema. "Na virusi vya flashi za wateja wako humo haviwezi kutamba, inshallah."

Ikabaki kuchagua programu ya kutunzia picha. Kaleta kadhaa, mbili ndizo za kufikiria. Moja inaitwa F-Spot: ukiimiminia picha inazipanga kwa mwaka, mwezi na siku, yenyewe, wewe umekaa. Nyingine inaitwa digiKam: unajitengenezea mafolda, halafu kila picha unaipachika majina unayotaka, ya watu au ya shughuli, na ukibofya jina zinakuja zote za jina hilo. Hata ile ya kwanza inapachika majina, lakini Abasi anasema kwa kazi ya majina hii ya pili ndiyo yenyewe.

Skolastika alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Wateja wetu hawaji na tarehe. Wanakuja na watu. Nataka ile ya shangazi na marehemu babu, basi."

"Shemeji amemaliza maneno," Abasi akasema, akamtazama. "Macho makali, na akili nayo kali. Kaka, huyu ulimpata wapi?"

Mke wangu akacheka. Mimi nikachagua F-Spot. Nilisema mpiga picha asiyejua tarehe ya kazi yake si mpiga picha. Sababu ya kweli ni kwamba walikubaliana haraka mno.

Ijumaa, 1 Desemba

Mvua. Umeme hakuna. Abasi alikuja kumfundisha Skolastika, akakuta hakuna umeme, na hakuondoka.

Jumatano, 6 Desemba

Kompyuta iko kwenye meza ndogo, na mbele ya meza kuna benchi. Benchi lile nililitengenezesha mwenyewe kwa ajili ya wateja wawili. Leo nimelitazama kuanzia saa nne hadi adhuhuri, na wateja hawakuwapo, ila wawili walikuwapo. Skolastika anashika mausi, Abasi ananyoosha kidole kwenye skrini. Skrini ni ndogo, lazima vichwa visogeleane, hilo naliona, sina upofu. Ila sioni kwa nini lazima wacheke.

Nikaenda jikoni nikaleta kiti. Nikamwambia Abasi kiti hiki hapa, kaa vizuri. Akashukuru sana, akakiwekea mwavuli wake.

Jumamosi, 16 Desemba

Abasi kaiacha na digiKam ndani ya mashine, "ili shemeji aijaribu". Shemeji anaijaribu. Kazi ya studio inaenda F-Spot kama nilivyoagiza mimi, na mke wangu akimaliza ya kwangu anafungua ile nyingine. Nikipita anaifunga. Nikimuuliza anasema hajaifunga, ameipunguza tu, iko chini. Kumbe kuna kupunguza.

Nimepanda maharage shambani kwa hasira, mistari imepinda.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Beda, mwanetu, yuko nyumbani kutoka shule ya bweni, amerefuka, anakula kama amefungiwa. Tulichinja kuku. Nilipouliza kuku yuko wapi nimchinje, Skolastika akasema amekwisha chinjwa, amempelekea mzee Saleh wa dukani amchinje yeye. Nikauliza kwa nini, sisi si tunachinja wenyewe? Akasema, "Abasi naye anakuja kula, au wewe ulitaka aje atazame?"

Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na tisa. Hajawahi hata siku moja kuniuliza kuku wangu nataka achinjwe na nani.

Abasi kaja na mfuko wa korosho za kwao. Zilikuwa tamu. Nilikula chache.

Jumanne, 9 Januari 2007

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umeanza kuteremka. Nimekwenda kilabuni jioni na rafiki yangu Hironimus, fundi seremala, mtu ambaye mdomo wake hauna mlango. Kaninywea nusu ya kikombe changu, halafu mbele ya watu akasema, "Baba Beda, nasikia siku hizi kwenye studio yako mafundi ni wawili na mke ni mmoja." Wakacheka benchi zima. Na mimi nikacheka, kwa sababu ukinuna ndiyo unakuwa umejibu.

Njiani nilijaribu kukumbuka kama mimi na Skolastika tuliwahi kukaa kwenye benchi moja tukitazama kitu kimoja. Kanisani, labda. Huko nako wanawake wanakaa upande wao.

Ijumaa, 19 Januari

Abasi kasema, "Shemeji kitenge hicho kimekupenda." Nimesikia kwa masikio yangu. Najua, mke wa kaka yako unamtania, ndiyo desturi, nani asiyejua. Lakini mimi na Abasi hatukunyonya titi moja. Ukaka huo kajipa mwenyewe.

Jumatatu, 5 Februari

Kunegunda amefariki.

Huyu ni jirani yetu, alikuwa anauza dagaa wa Nyasa pale kona. Kila siku ya Mungu akishamaliza dagaa alikuwa anakuja kusimama mlangoni mwa studio kuwatazama wanaopigwa picha na kuwaambia nyoosha shingo, funga kifungo, wewe mama shusha bega. Nilizoea sauti yake kama ninavyozoea mlango. Malaria imempanda kichwani, hakumaliza hata wiki.

Asubuhi kaja mwanawe, Thadei, na kofia mkononi. "Shikamoo, baba mdogo. Tunaomba picha ya mama ya kuweka kwenye jeneza. Tunazika kesho baada ya misa." Nikamwambia kaa, mama yako alikuwa anashinda hapa, haiwezi kukosekana. Nikafungua F-Spot mwenyewe, kwa fahari, nikauliza ni shughuli gani ya mwisho aliyovaa vizuri. Akasema kipaimara cha mdogo wake, mwaka jana, mwezi wa tisa.

Nikatafuta mwezi wa tisa. Hakuna kitu. Nikatafuta wa nane, wa kumi. Hakuna. Skolastika akaja, akanyoosha kidole kwenye ule mstari wa tarehe juu, na hapo nikaona. Picha zote, kila moja tangu tulipoanza dijitali, ziko tarehe mosi Januari 2003. Harusi, ubatizo, kipaimara, pasipoti, lundo moja, siku moja. Kamera ikitolewa betri huwa inauliza tarehe, na mimi miaka yote nikiulizwa nabonyeza sawa tu ili iniache nipige. Wakati wa filamu tarehe alikuwa anaandika Skolastika juu ya bahasha.

Tumelipitia lundo lile picha moja moja, Thadei akiwa ameketi kwenye stuli. Nyuso za watu wote wa Majengo zimepita. Kunegunda hayumo. Mtu aliyesimama mlangoni kwangu kila siku sikuwahi kumgeuzia kamera, na yeye hakuwahi kuomba. Mwisho Skolastika akamwona kwenye picha ya pamoja ya kipaimara, mstari wa nyuma, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu, na mkono wa mwanamume umeshika bega lake. Thadei akasema sijui ni wa mjomba, sijui wa nani.

Nikaita Abasi. Ndiyo, mimi mwenyewe nilimwita. Alikuja mbio kwenye mvua, akaukata uso, akajaribu kuufuta ule mkono. Umeme ulikuwa unapepesa, unaondoka na kurudi, tukaogopa utakatika kabla hatujachapa. Tukachapa hivyo hivyo, ikiwa imebaki ncha ya vidole begani.

Jumanne, 6 Februari

Tumemzika Kunegunda. Mvua ilituonea huruma, ikanyesha kidogo tu. Picha ilikuwa juu ya jeneza ndani ya fremu yenye maua ya plastiki, na kila aliyepita kuaga aliitazama, kisha akatazama vile vidole, kisha akatazama nyuma yake kama mwenye vidole yuko pale. Watani hawakuacha. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Jamani, huyu mama anazikwa na mkono wa nani?" Watu wakacheka na kulia, msiba wenyewe ndivyo ulivyo. Thadei hakucheka.

Tunarudi, Skolastika akasema, "Na mimi utanikata kwenye picha ya nani?"

Nikamwambia, "Usituchurie, mwanamke." Kuongelea picha ya jeneza lako mwenyewe ukiwa mzima ni kukiita kifo kije na kiti chake. Marehemu mama yangu asingelisema neno lile hata akiwa anaumwa.

Akatangulia, akafika nyumbani kabla yangu.

Alhamisi, 8 Februari

Kamera nimeiweka tarehe ya leo. Studio imehamia digiKam. Skolastika anapachika majina asubuhi hadi jioni na Abasi anamsaidia. Hakuniambia, "Nilikwambia." Bora angesema.

Jumatatu, 12 Februari

Wananong'ona. Nikiingia wananyamaza, halafu Abasi anauliza habari za maharage yangu. Anajua nini huyu kuhusu maharage?

Alhamisi, 15 Februari

Skolastika kasukwa nywele. Nimemuuliza kuna sherehe gani, akasema hakuna.

Jumamosi, 17 Februari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya harusi kabla ya Kwaresima, na mimi nilikuwa na harusi Lizaboni. Kamera kubwa nilikwenda nayo, ile ndogo niliiacha. Tulipotoka kanisani mvua ikashuka kwa namna ambayo turubai la sherehe liliangukia masufuria. Wakaahirisha picha za bustanini. Nikarudi kwa miguu, upepo umenigeuza mwavuli ukawa bakuli, na mimi nagombana nao barabara nzima.

Nikafungua mlango wa studio. Taa zote zinawaka. Skolastika amekaa kwenye stuli mbele ya pazia la buluu. Kavaa kile kitenge. Kavaa hereni nilizomnunulia Mbinga, ambazo huwa anasema ni nzito. Abasi yuko nyuma ya kamera yangu ndogo, kwenye nafasi yangu, miguu yake pale pale ninapoweka ya kwangu. Na mke wangu anacheka. Siyo tabasamu. Cheko la meno yote na shingo kurudi nyuma, ambalo sijaliona tangu Beda akiwa mchanga. Taa ya kamera ikamulika wakati ule ule.

Abasi akageuka. "Kaka, karibu, tulikuwa..."

Nikamwambia atoke. Akasema mvua kubwa. Nikamwambia mvua aliikuta duniani, atoke. Alichukua kofia yake, hata mwavuli akausahau, akatoka.

Nikamuuliza mke wangu umejipamba kwa ajili ya nani. Akasema, "Nikikwambia utasema nakuchuria." Nikaona hilo jibu limetafutwa. Anayetafuta jibu ana kitu.

Nikachomeka kamera kwenye kompyuta, nikazimimina picha zote ndani, na kwenye kamera nikazifuta. Zikaja kwenye skrini zimejipanga, Skolastika, Skolastika, Skolastika. Sikutaka kuzitazama. Nikazichagua zote kama nilivyomwona yeye akifanya, nikabonyeza alama ya pipa. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikaijibu ndiyo. Za filamu ningezichoma uani.

Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, anavua hereni. Akasema, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akaenda jikoni akasonga ugali, akaniwekea, hakula.

Namwonea wivu mtu mwenye meza na bisibisi. Ndiyo, karatasi, ni wivu. Unaniuma mahali hapa chini ya mbavu, na ninapokunywa maji haushuki.

Jumapili, 18 Februari

Kaondoka baada ya misa ya kwanza, kwa dada yake Rosemary, Bombambili. Kachukua begi dogo.

Jumatano, 21 Februari

Jumatano ya Majivu. Ugali niliosonga mwenyewe una madonge. Kiti kile bado kina mwavuli wa Abasi juu yake. Sikuutoa.

Ijumaa, 23 Februari

Wateja wawili wameuliza Mama Beda yuko wapi. Nimewajibu yuko msibani.

Jumamosi, 24 Februari

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika, kaingia mama Jane wa jumuiya yetu ya kanisa, amevaa nguo ya Pasaka wakati ndiyo kwanza Kwaresima inaanza. Kapaka mafuta mpaka viwiko. Akajitazama kwenye kioo, akakaa kwenye stuli bila kuambiwa. Nikamuuliza picha ya nini, pasipoti?

"Ya akiba," akasema.

"Akiba ya nini?"

Akanitazama kama namfanyia mchezo. "Si hii ya Mama Beda? Alituambia kwenye jumuiya, baada ya Kunegunda. Kila mmoja wetu apigwe ya kwake nzuri, peke yake, ikae kwenye kompyuta na jina lake, siku ikifika watoto wasihangaike. Tukasema huko si kujichuria? Akasema basi ataanza yeye, ili tusiogope. Kwani hajaanza?"

Nikasema ameanza.

Nilimpiga mama Jane picha. Alitulia vizuri sana, akashusha bega mwenyewe, akasema, "Marehemu angeniambia nishushe bega." Nilibana jicho kwenye kamera muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Jumapili, 25 Februari

Nimekwenda kwa Abasi. Nimemrudishia mwavuli. Alikuwa na kompyuta ya mtu imefunuliwa tumbo mezani. Akanikaribisha kwenye benchi lake, na sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye mwavuli.

"Kaka," akasema, "mimi nilikataa mara mbili. Nilimwambia shemeji, mumeo ndiye fundi, wallahi mimi najua mashine tu, picha sijui. Akasema, 'Fulgence nikimwambia picha hii ni ya nini, hatanipiga. Na nisipomwambia, nitakuwa nimemwibia.' Akasema, 'Ukimaliza nitamwonyesha mwenyewe ikiwa imekwisha, atagomba siku moja, yatakwisha.'"

Nikamwambia nimezifuta.

"Umezitupa, au kapu umelimwaga?"

"Kapu gani?"

Akaweka bisibisi chini. Nilimwona anajizuia kucheka, na nilistahili. "Kwenye mashine ile ukitupa picha haiondoki. Inakaa kapuni mpaka mtu alimwage. Shemeji analijua hilo, nilimfundisha wiki ya kwanza. Nije nikufungulie?"

Nikakataa. Nikamwomba anielekeze kwa maneno, nikarudi nyumbani nayarudia mdomoni njia nzima.

Zilikuwamo. Zote. Hakuna kitu kilichokuwa kimetoka ndani ya nyumba hii isipokuwa yeye.

Nyingi amekaza uso, kama watu wote wanaojua wanapigwa picha ya nini. Ya mwisho ndiyo ile ya cheko. Nimeifungua ikajaa skrini. Mwanga umetulia, mbaya zaidi, Abasi kaipiga vizuri. Ila macho ya Skolastika hayatazami kamera. Yanatazama pembeni, mlangoni. Na nyuma yake, kwenye kioo changu cha wateja, yuko mtu. Tope mpaka kiunoni, mwavuli mkononi umegeuka bakuli, mdomo wazi. Hajajua bado kwamba atakasirika. Nywele zimemlalia kama jogoo aliyenyeshewa.

Ndiye aliyekuwa anachekwa. Nilimtafuta mwanamume wa cheko lile wiki nzima, na alikuwa mimi.

Jumamosi, 3 Machi

Nimekwenda Bombambili kumfuata, pamoja na Hironimus, kwa sababu hairuhusiwi kwenda kuchukua mke peke yako kama unachukua ndoo. Nilimwapisha asifungue mdomo.

Aliyefungua mlango ni Rosemary. Huyu ni shemeji yangu kwelikweli, na tangu nioe nimekuwa nikimwita mke mdogo, nikimuuliza atahamia lini, mbele ya watu, mbele ya mume wake. Ndivyo tulivyo. Leo kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji, nina swali moja. Miaka yote unaniita mke mdogo. Mume wangu aliwahi kukutoa nje kwenye mvua?"

Nikasema hapana.

"Kumbe shemeji wa kutaniwa ni wa kwako tu. Wa wenzako ni wa kufungiwa."

Hironimus akakohoa, na hapo nilimwona anavyoteseka kwa kiapo changu. Nilisema nimekosa. Nilimwambia Rosemary kwanza, halafu Skolastika alipotoka na unga mikononi nikamwambia na yeye. Nikamwambia nimelifungua kapu.

"Nilikuwa nasubiri uniulize ziko wapi," akasema. "Ungeuliza siku ile ile ningekuonyesha."

Hatukurudi naye leo. Kasema atakuja Jumatatu, ana mahindi mabichi ya kumsaidia dada yake. Wazee wa kwao wanataka mbuzi. Nimekubali mbuzi.

Jumatatu, 5 Machi

Amekuja. Kaonja ugali wangu, kaumwaga kwa kuku.

Jumanne, 20 Machi

Za akiba zinaendelea. Wanakuja mama wa jumuiya, juzi kaja hata mzee Saleh wa dukani, akasema kwao picha haiwekwi kwenye jeneza, lakini wajukuu wapate kumjua. Skolastika kawafungulia jina lao kwenye digiKam: ukibofya "Akiba", wanakuja wote wamekaa mbele ya pazia la buluu, wametulia. Abasi anakuja siku moja moja. Leo kamtania Skolastika kuhusu hereni. Wivu ule wa chini ya mbavu ukanigusa, nikaenda kuangalia maharage. Mistari imepinda lakini yamezaa.

Jumamosi, 14 Aprili

Pasaka imepita, mvua imekatika tangu juzi, anga limeoshwa. Leo niliamua. Nilifunga mlango wa studio mchana, nikamwambia Skolastika vaa kile kitenge, nikupige mimi ya akiba yako. Kwa mkono wangu.

Alikaa. Nilipanga taa nilivyojua, nikamwambia aangalie huku, aangalie kule. Nikapiga nyingi. Tukaziingiza kwenye mashine, tukakaa wote wawili kwenye lile benchi kuzitazama, vichwa vimesogeleana kwa sababu skrini ni ndogo. Zilikuwa picha safi za mama mmoja mtulivu, na zote alikuwa ananisubiri nimalize. Akazipitia mpaka mwisho, halafu akaenda juu, akafungua ile ya Februari.

"Hii," akasema.

Nikamwambia hiyo kapiga Abasi.

"Kabonyeza Abasi."

Nikamwambia sawa, lakini kioo tukikate. Ni kazi ndogo, unavuta mstari hivi, unabaki wewe na pazia. Huwezi kuwekwa juu ya jeneza na mtu wa tope nyuma yako, kafungua mdomo, watani watasema nini. Tayari nilikuwa nimeshika mausi, na mstari nimeufikisha kwenye ukingo wa kioo. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Usiikate," akasema. "Ukitoka wewe, watauliza namcheka nani."

Nikaachia mausi. Akapachika jina lake. Kisha akaandika la kwangu, herufi moja moja, maana anachapa kwa kidole kimoja, akalipachika chini ya lake kwenye picha ile ile.